Ungamo na Msikilizaji Wake: Steve Jobs katika Wasifu wa Walter Isaacson na Filamu ya Danny Boyle

Wasifu wa Walter Isaacson uitwao Steve Jobs ulichapishwa Oktoba 2011, majuma machache baada ya kifo cha mwanzilishi mwenza huyo wa kampuni ya Apple. Filamu yenye jina hilohilo, iliyoongozwa na Danny Boyle kwa mswada wa Aaron Sorkin, ilitoka mwaka 2015 ikikitaja kitabu hicho kuwa chanzo chake. Kuzilinganisha kazi hizi kwa kuhesabu matukio yaliyoachwa hakufiki mbali. Tofauti yao kuu inajitokeza katika suala la usimulizi: nani anamwambia nani?

Isaacson alimhoji Jobs zaidi ya mara 40, akawahoji pia jamaa, marafiki na mahasimu wake. Usimulizi wake unafuata mtiririko wa wakati, na ushahidi mmoja huwekwa kando ya mwingine unaoupinga. Uadilifu huo una gharama yake: baada ya mamia ya kurasa, ukali wa Jobs unazoeleka, na msomaji huupitia kama anavyopitia taarifa za mauzo. Sorkin aliuacha muundo huo kabisa. Filamu ina sehemu tatu tu, kila moja ikitokea nyuma ya jukwaa muda mfupi kabla ya uzinduzi: Macintosh mwaka 1984, NeXT mwaka 1988, iMac mwaka 1998. Wahusika walewale hurudi na madai yaleyale. Wozniak, kwa mfano, anataka wahandisi wa Apple II watajwe hadharani. Huu ni msuko wa tamthilia zaidi kuliko wa sinema, na katika sehemu mbili za mwanzo unafaulu kuliko kitabu, kwa kuwa ukali hapa una mtu anayeumia mbele ya macho ya mtazamaji.

Mgogoro wa mbinu hizi mbili unaonekana wazi kwa mhusika Lisa. Jobs alikana kuwa baba yake, ilhali Apple ilitoa mwaka 1983 kompyuta yenye jina hilo na kudai kwamba ni kifupisho cha kiufundi. Katika kitabu, Jobs anakiri kwa Isaacson kwamba jina lilikuwa la binti yake. Katika filamu, anamkiria Lisa mwenyewe, juu ya paa, huku ukumbi uliojaa watu ukimsubiri. Lisa Brennan-Jobs, katika kumbukumbu zake Small Fry (2018), anaeleza kwamba ungamo hilo alilisikia baba yake alipokuwa akilijibu swali la mwanamuziki Bono. Yeye alikuwa mezani tu.

Kwa hiyo Sorkin hakubuni ungamo, alibadilisha msikilizaji. Badiliko hilo si dogo. Ili lisadikike, filamu inamfuta mke ambaye Jobs alimwoa mwaka 1991, pamoja na miaka ambayo Lisa aliishi nyumbani kwao akiwa kijana, kana kwamba uhusiano ulingoja paa lile ili uanze. Binti anasamehe kwa maneno aliyotungiwa, na mtazamaji anaachwa na mwanga wa kamera ukimmulika baba anayemwendea. Isaacson hana picha kama hiyo. Anacho kilicho kizito zaidi, yaani mgonjwa anayemwambia mwandishi jambo ambalo mwanawe alikuwa akilisubiri.