Kabati Lisomwe Kuanzia Miguuni

Siku hizi kabati la jikoni huanza likiwa picha. Mwenye nyumba anayekarabati jiko lake Isamilo, Nyegezi au Buswelu, hapa Mwanza, humfikia fundi seremala na simu mkononi: "Fundi, nataka kama hili." Picha yenyewe ni ya jiko lisilojua vumbi wala dagaa. Milango myeupe haina vishikio, kaunta nyeusi inang'aa, taa zimefichwa chini ya makabati ya juu, na juu ya kaunta kuna bakuli moja la ndimu ambazo hakuna atakayezikamua. Fundi huikuza picha kwa vidole viwili, huguna, hujibu, "Linawezekana, mama," na mazungumzo huhamia kwenye bei. Hakuna aliyeuliza kabati hilo limesimamia nini, mgongo wake ni wa nini, wala pembe zake zimeungwaje. Na kabati hufia huko.

Shuleni tulizoeshwa kuitenga kazi ya fasihi katika fani na maudhui, kisha kuuliza kama fani inayabeba maudhui au inayaangusha. Kabati nalo lihojiwe hivyo. Maudhui yake ni masufuria, madumu ya maji, ndoo ya unga, mtungi wa gesi, masinia ya sherehe, mfuko wa dagaa wakavu. Fani ni kimo, kina, malighafi, viungo, ukingo na bawaba. Ninalolisoma hapa ni lile ninaloliona zaidi katika nyumba zinazokarabatiwa Mwanza: chipbodi au MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizobanwa) iliyovishwa melamini, ikakatwa na kufungwa kwa skrubu karakanani. Nitalisoma kinyume na picha inavyolitazama, yaani kuanzia sakafuni.

Chipbodi ni chenga za mbao zilizochanganywa na gundi zikabanwa kwa joto. Huuzwa kwa shiti ya futi 8 kwa 4, aghalabu yenye unene wa milimita 16 au 18. Ngozi yake ya melamini haipitishi maji, ndiyo maana muuzaji hupenda kuimwagia maji mbele yako ili uone yanavyoteleza. Jaribio ni la kweli, ila limefanyiwa mahali pasipohusika. Maji huingia kupitia ukingo uliokatwa na msumeno, na ukingo usioonekana na mtu yeyote ni ule unaokanyaga sakafu. Sasa tazama jiko la Mwanza linavyosafishwa. Sisi tunapiga deki. Maji yanamwagwa, yanasuguliwa, yanasukumwa hadi mlango wa uani, na kabati linasimama ndani ya maji hayo kila asubuhi. Chenga zikinywa huvimba. Zikikauka hazirudi unene wake wa awali, kwa sababu mbano wa kiwandani umeshaachia. Kwanza unaona mstari uliotuna juu kidogo ya vigae. Baadaye mlango unaanza kukwaruza. Mwishoni skrubu ya bawaba ya chini inachomoka na unga wake, na mwenye nyumba anamlaumu fundi aliyefunga bawaba.

Juu ya deki kuna hewa yenyewe ya Ziwa Victoria, masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda na kuingia kwenye majengo ya ufukweni, samani za bodi hazikuwa na la kujitetea. Lakini hata kwa aliye juu mlimani, deki inatosha kulimaliza kabati.

Dawa yake ni miguu ya plastiki ya sentimita 10 au 15 yenye kuzungushwa ipande na kushuka, na ubao wa kuziba mbele unaochomoka ili mtu afagie chini. Haionekani kwenye picha, kwa hiyo haiombwi.

Mafundi wanaounda mitumbwi kwenye mialo ya ziwa wangecheka wakiona kabati linaogopa maji kiasi hiki. Wao huanza kazi wakijua kwamba mbao italowa. Mianya kati ya mbao huzibwa kwa nyuzi za pamba, na chombo kikishashuka majini mbao hutanuka na kubana zaidi. Kiungo chao kimelitarajia ziwa. Kiungo cha kabati la melamini hakijatarajia chochote; kimechukulia kwamba dunia ni kavu na ukuta umenyooka.

Ukuta nao una maneno yake. Nyumba nyingi za Mwanza zimechongewa nafasi kwenye mteremko wa mawe, na ukuta wa nyuma wa jiko mara nyingi unatazamana na mlima. Mvua ikinyesha, unyevu unapita. Mgongo wa kabati la kawaida ni hadibodi ya milimita 3 iliyopigwa misumari midogo, nao umegusana na ukuta huo. Baada ya mvua za mwaka mmoja unapinda, unaota ukungu, na harufu yake inahamia kwenye vikombe. Aidha, ukuta ukiwa umepinda sentimita 2 kutoka dari hadi sakafu, kabati lililokatwa kwa mraba kamili litaacha mwanya, na mwanya huo utazibwa kwa silikoni nyeupe itakayokuwa ya kahawia kabla ya Pasaka. Seremala mzuri hutambulika hapa. Huegemeza ubao ukutani, huchora mstari unaofuata mbonyeo wa ukuta, kisha hukata polepole kwa kuufuata mstari huo. Kazi hiyo huchukua nusu siku na hailipiwi, kwa kuwa ikifanikiwa haionekani.

Sasa uso, ambao ndio unaouza kabati. Mlango unaopendwa sana ni ule wenye fremu ya vipande vinne na kidirisha cha mbao katikati. Umbo hilo lina historia ya akili nyingi. Mbao halisi hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri hewa inavyobadilika, na kwa urefu karibu haibadiliki kabisa. Ukitengeneza mlango kwa ubao mmoja mpana, utapinda au kupasuka. Mababu wa useremala wakatenga kazi mbili: fremu nyembamba ishike umbo la mlango, na ubao mpana wa katikati ukae ndani ya mfereji bila gundi, uweze kutanuka na kusinyaa bila kumsumbua mtu. Pembe za fremu huungwa kwa ulimi unaoingia kwenye tundu. Kila mstari unaouona kwenye mlango huo una sababu yake.

Mlango wa MDF umeichukua mistari hiyo hiyo na kuiacha sababu. Mashine imechimba mfereji juu ya ubao mmoja, ikaigiza fremu ambayo haipo na kidirisha ambacho hakiwezi kusogea. MDF haihitaji fremu; nyuzi zake za mbao hazielekei upande mmoja. Huu ni urembo ulionakiliwa, na kwangu si dhambi kubwa, maana ushairi wetu nao umejaa mapambo yaliyobaki baada ya kazi yake kuisha. Tatizo ni kwamba mfereji uliochimbwa umeondoa ngozi ngumu ya bodi na kufungua sehemu laini, ambayo inategemea rangi peke yake. Rangi ikipigwa mkono mmoja kwa haraka, mvuke wa maharage utafika ndani. Ile melamini iliyochapwa sura ya mbao ina kasoro nyingine: ukiitazama milango mitatu kwa pamoja, utaliona fundo lile lile la mti likijirudia mahali pale pale. Mti haujirudii hivyo. Afadhali bodi yenye rangi moja, isiyodai kuwa kitu kingine.

Kwa wanaotaka mbao halisi, mninga bado ndio mfalme. Unatoka kwenye misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, husinyaa kidogo kuliko mbao nyingi, na moyo wake wa kahawia hauliwi ovyo na wadudu. Lakini kagua ukingo: ile sehemu nyeupe ya nje ya mti huliwa, na muuzaji mjanja huipaka vanishi ya kahawia ifanane na moyo. Mvule ni mgumu na unastahimili maji, ingawa mara nyingine huficha ndani yake vijiwe vya chokaa vinavyovunja meno ya msumeno. Paini ni rahisi na ya karibu, ikiwemo ile ya mashamba ya Buhindi na ya Rubya kule Ukerewe, na inafaa kwa rafu za ndani kama imekauka vizuri. Neno "imekauka" lisipite kirahisi. Mbao iliyokatwa mwezi uliopita ikifungwa mlango leo, itamalizia kukaukia jikoni kwako, na wewe ndiye utakayeona ikijipinda. Mninga, kwa upande mwingine, mti wake hukua taratibu na unavunwa kwa pupa. Kujaza jiko zima mninga hadi migongo na rafu ni israfu. Uwekwe panapoonekana na panaposhikwa.

Nirudi kwenye umbo lenyewe la jiko hili linaloombwa kwa simu, maana lina wazazi wanaojulikana. Mwaka 1926 mbunifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa dogo, kama mita 1.9 kwa 3.4, na takriban 10,000 yalijengwa. Alihesabu hatua za mpishi na kupanga kila kitu mkono ufikie. Zaidi ya hayo, aliichagua malighafi kwa kuyasoma maudhui: droo za unga zilikuwa za mwaloni ili kuwazuia wadudu, meza ya kukatia ilikuwa ya mti mgumu usiochanika kwa kisu, na rangi ilikuwa ya buluu kwa imani kwamba nzi hawaipendi. Kiongozi wa mradi ule wa nyumba, Ernst May, alihamia Tanganyika mwaka 1934, akalima, kisha akarudia usanifu akiwa Nairobi. Jengo la ushirika wa KNCU pale Moshi ni mojawapo ya kazi zake.

Kwa hiyo jiko la makabati yaliyopangwa ukutani lilizaliwa kutokana na swali zuri: nani anapika hapa, na anapika nini? Sisi tumelipokea jibu la Frankfurt bila lile swali. Kaunta ya kiwandani ya Ulaya huwa na kimo cha sentimita 85 hadi 90. Weka juu yake jiko la gesi la mezani, weka sufuria ya ugali juu ya jiko. Mdomo wa sufuria umefika karibu sentimita 120 kutoka sakafuni, kifuani mwa mama wa kimo cha kawaida. Ugali husongwa kwa uzito wa mabega kutoka juu. Mpishi huyu sasa anasonga kwa viwiko vilivyoinuliwa, au anafanya lile ambalo wengi hulifanya bila kulisema: anaishusha sufuria chini na kuinama mbele ya kabati la mamilioni. Hapo fani imeanguka mbele ya maudhui, tena kwenye chakula cha kila siku. Sehemu ya jiko ishushwe hadi sentimita 60 au 65, mpishi mwenyewe apimwe, na ile ya kukatia ibaki juu. Fundi yeyote anaweza. Kwenye picha itaonekana kama ngazi, na kwangu ngazi hiyo ni nzuri.

Kina nacho kinapotosha. Sentimita 60 zinameza sahani na vikombe, ila sinia la shughuli halipiti mlangoni kwa sababu nguzo ya katikati imewekwa kwa ajili ya ulinganifu wa uso. Mtungi wa gesi ukifichwa kabatini, mlango wake unahitaji matundu chini kabisa, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia sakafuni. Kama mtungi unaweza kukaa nje, ukae nje.

Kuna umbo jingine ambalo mafundi wetu walilipata zamani na ambalo wakarabati wa leo wanalivunja kwa nyundo: kaunta ya kujengea. Kuta fupi za tofali, slebu ya zege juu, vigae, na milango ya mbao mbele peke yake. Mwili wake haunywi maji, haupindi, haujali mchwa. Deki inapita bila madhara. Ubaya wake ni kona za giza zinazopendwa na mende, na kwamba ukikosea kipimo umekosea kwa miaka ishirini. Lakini likisomwa kwa haki, ndilo kabati la Mwanza lenye fani iliyoyajua maudhui yake: kisicho mbao kinakaa penye maji, mbao inakaa penye mkono. Linalohitaji ni milango bora, rafu za kuchomoka na mwanga. Juu ya slebu hiyo watu huomba granaiti ya dukani, katika mji uliokalia granaiti kila upande. Haya, pesa ni zao.

Hukumu yangu ni hii. Penye maji na sakafu, zege au plaiwudi ya marini iliyopakwa rangi kila ukingo. Juu ukutani, mbali na sinki, melamini ya rangi moja inatosha na inaokoa fedha. Milango ya chini iwe ya mbao halisi yenye fremu ya kweli, na bawaba tatu panapotosha mbili. Na siku ya kwenda kwa fundi, simu iache mfukoni: beba sufuria yako kubwa kuliko zote, sinia, na futi kamba, umwambie aanzie hapo.