Kalamu Isiyo na Wino

Kuanzia Machi 2015, mgeni aliyekata tiketi kwenye jumba la makumbusho la Cooper Hewitt, New York, alikabidhiwa tiketi yake pamoja na kalamu. Haikuwa na wino. Ilikuwa nene, ncha yake ya kuchorea juu ya meza za kioo, na kitakoni ilikuwa na alama ya kujumlisha. Alama kama hiyo ilichapwa pia kwenye vibao vya maelezo kando ya vitu vilivyoonyeshwa. Ukikipenda kitu, unaigeuza kalamu, unagusisha alama kwa alama, unatulia kidogo. Kalamu inatetemeka mkononi, vijitaa vinawaka. Kitu umekichukua.

Mimi huvutwa sana na kile kitetemo. Kinamjibu mgeni kiganjani huku macho yake yakiwa bado juu ya kitu alichokijia. Nimeshaona mara nyingi skrini kubwa ikiwekwa karibu na ngoma ya kale, na watoto wa shule, darasa zima, wakaipa ngoma kisogo. Waliotengeneza kalamu hii waliliona hilo mapema, wakainyima skrini. Haina pa kusoma wala pa kubofyabofya. Kazi yake ni kukumbuka. Kutazama umeachiwa wewe.

Twende nyuma ya kibao chenyewe, maana ndiko uliko ufundi. Huko kumefichwa kibandiko chembamba kama karatasi: chipu ndogo mno, imezungukwa na waya bapa uliojikunja raundi kadhaa. Hakina betri. Kitako cha kalamu kinapokaribia, koili iliyomo ndani yake inatoa uga sumaku unaogeuka mara milioni 13.56 kwa sekunde. Ule waya wa kibandiko unaunasa uga huo na kupata umeme kiduchu, chipu inaamka, inataja namba yake, kisha inalala tena. Aliyepanda kivuko cha Kigamboni, Dar es Salaam, kwa kugusisha kadi getini ameshatumia ujanja wa jamii hiyo hiyo, pengine bila kuwaza ni nini kimepita kati ya kadi na mashine.

Umbali wa mazungumzo hayo ni sentimita chache tu. Zipo teknolojia zinazosikia kutoka mbali zaidi, na mtu angedhani hizo ndizo bora: mgeni apite tu chumbani, vitu vyote vijihesabu vyenyewe mfukoni mwake. Lakini mtu asiyechagua hana alichokipata. Ule ufupi unamlazimisha kusogea, kunyoosha mkono, kusimama. Ukiwa umeshasimama karibu hivyo, utaona hata mshono na alama ya tindo.

Ufupi huo una usumbufu wake pia. Chuma kikikaa nyuma ya kibandiko kinaudhoofisha ule uga, na chipu haiamki. Hapo fundi hutia utando wa feraiti katikati, uuelekeze uga upande unaotakiwa. Mgeni hatauona utando huo kamwe, na haitakiwi auone.

Lakini kwa nini kalamu, na si simu au kadi? Kwanza, kalamu haihitaji mafunzo. Mkono unaijua tangu darasa la kwanza. La pili ni la historia ya pale. Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1897 na ndugu wawili, Sarah na Eleanor Hewitt, wajukuu wa mwenye viwanda Peter Cooper. Walikusanya nguo, lasi, michoro na karatasi za ukutani ili wanafunzi na mafundi waje wavitazame kwa karibu na kujifunza kutoka humo. Mtu wa makumbusho ya namna hiyo huja na penseli. Kwa hiyo kumpa mgeni wa 2015 kitu cha kuchorea kulikuwa kumrudisha kwenye mkao wa wenye nyumba.

Waliotengeneza kalamu hawakubuni kila kipande upya. Walichukua kifaa kilichokuwapo tayari, vWand cha kampuni moja ya Uhispania, wakakibadilisha umbo na tabia mpaka kikafaa kushikwa na mtoto, na bibi mwenye baridi yabisi pia. Waliokuwa wakiongoza kazi ya kidijitali pale, wakiwemo Sebastian Chan na Aaron Cope, walikubali kalamu iwe na akili ndogo tu: ikusanye namba, izihifadhi, na izimwage pale inapogusishwa kwenye meza. Naona hapo ndipo palipohitaji ujasiri. Kuongeza uwezo kwenye kifaa ni rahisi kuliko kuupunguza.

Mezani ndipo ncha ilipopata kazi. Mgeni alichora mstari, wowote ule, uliopinda kama mkono wa kikombe au uliovunjikavunjika, na meza ikamtafutia kutoka kwenye hazina ya makumbusho kitu chenye mstari kama wake. Hazina hiyo ina vitu zaidi ya 200,000, vingi vikiwa ghalani miaka nenda miaka rudi. Mtu anavuta mkunjo mmoja bila kufikiri, na kitu ambacho asingekijua hata jina kinapanda mbele yake. Chumba kingine kilimwacha achore nakshi yake, ikajirudia na kutanda kutani kama karatasi ya ukutani, huku amesimama katikati yake.

Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu kidogo kutengeneza kitu kinachojibu mguso. Nilibandika ukanda wa shaba nyuma ya kipande cha plaiwudi, nikauunganisha na kidhibiti kidogo kinachopima chaji, nikataka ubao utambue mkono bila kitufe chochote. Mchana ulitii. Mvua ilipoanza jioni, hewa ikajaa unyevu, ubao ukaanza kuniambia umeguswa na mtu asiyekuwepo. Ilinichukua siku nne kuelewa kwamba kipimo cha mkono hakitoshi peke yake. Lazima kifaa kiwe kinajipima upya kila mara hali yake ya kutoguswa, ndipo kijue tofauti. Tangu hapo, nikisoma kwamba kalamu fulani ilitetemeka kwa wakati wake, sipiti haraka.

Na hilo ni kwenye ubao mmoja. Pale New York kulikuwa na mamia ya wageni, na nyuma ya kaunta walikuwepo wafanyakazi wa kuiunganisha kila kalamu na tiketi ya mtu mmoja, kukagua betri, kufuta alama za vidole. Wao nao ni mafundi wa kazi hii, ingawa hakuna atakayewaandika kwenye kibao.

Jioni mgeni alirudisha kalamu pale alipoipokea. Tiketi alibaki nayo, na juu yake anwani ya tovuti yenye msimbo wake peke yake. Akiifungua nyumbani, alivikuta vitu alivyovigusa na nakshi alizozichora. Kalamu ikafutwa, ikapanguswa, ikawekwa pamoja na zingine kumsubiri mwingine.