Azimio na Kiburudisho: Uhakiki wa Maneno ya Mnunuzi wa Kiwambo

Mtu anayetaka kununua kiwambo kipya cha kompyuta siku hizi hukutana kwanza na maneno, ndipo akutane na bidhaa. Karatasi ya maelezo humtajia inchi, hezi, milisekunde, uwiano wa elfu kwa moja na herufi kubwa zisizotamkika. Kisha bei mbili zilizoachana sana kwa viwambo ambavyo kwa macho ni pacha. Zamani ilitosha kusema kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Leo mwalimu mkuu, mhasibu na afisa ugavi hutakiwa kueleza wenyewe vigezo vya vifaa wanavyovihitaji, na tangu sheria ya mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, hatuwezi tena kudai kwamba maneno ya mikataba ni kazi ya Kiingereza peke yake. Neno likiwa legevu katika kigezo, mzabuni wa bei ya chini anaweza kuleta kitu chochote kinachoenea ndani ya neno hilo, na mnunuzi hana pa kumshika.

Makala haya yanachambua baadhi ya maneno ya Kiswahili yanayotumika katika karatasi hizo. Jina la kifaa chenyewe halitatuchelewesha. Kiwambo ni neno zuri: linatokana na kuwamba, na wapiga ngoma wanalijua tangu zamani. Monita si kosa, ila katika shule zetu monita ni mwanafunzi anayeandika majina ya wapiga kelele. Tatizo dogo ni kwamba watu huita kiwambo kifaa kizima na pia uso wake tu. Tungependelea kiwambo kiwe kifaa, na skrini iwe uso.

Neno lenye madhara zaidi ni azimio. Limeenea katika tafsiri zinazofanywa na mashine, na wafasiri wenye haraka wanalipokea bila kuuliza. Azimio ni jambo lililokatwa shauri na watu waliokaa kikao. Ndiyo maana lilifaa kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kiwambo hakikai kikao. Neno la Kiingereza lina maana nyingi, na mfasiri amechukua ile iliyomjia kwanza. Wengine wameandika mwonekano, jambo ambalo angalau halichekeshi, lakini mwonekano ni wa kila kitu: rangi, mwanga, hata umbo la kiguu cha kiwambo. Wengine wameandika ubora wa picha. Hili tunalikataa kabisa, kwa sababu ubora ni hukumu, na kinachotajwa hapa ni hesabu.

Hesabu yenyewe ni ya pikseli, yaani zile nukta ndogo zinazojenga picha. Kiwambo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600. Kiwambo cha 3840 kwa 2160 kina 8,294,400, mara nne kamili. Basi tuseme idadi ya pikseli, na tuandike upana kwanza kisha kimo. (Tunasema kimo kwa makusudi, neno urefu limewapoteza wengi, kwa kuwa hutumika kwa upande mrefu na pia kwa kwenda juu.)

Hata hivyo idadi ya pikseli haitoshi kumwambia mnunuzi kama herufi zitasomeka vizuri. Chukua kiwambo cha inchi 24 na kingine cha inchi 27, vyote vya 1920 kwa 1080. Cha kwanza kina pikseli 92 hivi katika kila inchi, cha pili 82 tu. Kile kikubwa ndicho chenye herufi za kukwaruza, ijapokuwa huenda bei yake ikawa juu. Inchi 27 zikibeba pikseli 2560 kwa 1440, msongamano hufika 109. Tunahitaji basi istilahi mbili, idadi ya pikseli na msongamano wa pikseli. Mahali pote ambapo mfasiri ameweka neno moja kwa dhana hizi mbili, amemnyima msomaji kipimo ambacho macho yake yatakihisi kila siku.

Inchi nazo zina hila. Hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Kiwambo kipana cha inchi 34 chenye uwiano wa 21 kwa 9 kina kimo cha inchi 13 hivi, sawa karibu na kile cha kawaida cha inchi 27. Atakayeandika “ukubwa: inchi 34” bila kutaja uwiano wa pande anaweza kushangaa mzigo ukifika.

Hapa lazima tuwatetee wafasiri kidogo, kwa kuwa fujo nyingine imetoka kwa wafanyabiashara wenyewe. Majina kama 720, 1080 na 1440 yanahesabu mistari ya kimo. Likaja jina 4K, ambalo linahesabu upana, na hata huo haufiki 4000: ni 3840. Katika sinema 4K ni 4096 kwa 2160, kitu kingine. Mnunuzi anayetoka 1080 kwenda 4K hudhani ameongezewa karibu mara nne kila upande, kumbe kila upande umeongezeka mara mbili. Isitoshe, wauzaji hubandika jina 2K kwenye 2560 kwa 1440, hali katika sinema 2K ni 2048 kwa 1080. Majina ya namna hii hayafasiriwi. Mfasiri aandike tarakimu mbili zenyewe na kuliacha jina la dukani libaki dukani.

Neno la pili la kuchekesha ni kiwango cha kuburudisha. Kinachozungumzwa ni mara ngapi kiwambo huchora picha upya kwa sekunde moja: hezi 60 ni mara 60, hezi 144 ni mara 144. Kuburudisha ni kazi ya ngoma, taarabu na maji ya madafu. Kasi ya kuchora upya inatosha, na mkulima ataielewa. Kwa kazi za barua na hesabu hezi 60 zinatosha pia. Mwenye kuzilipia 144 kwa fedha ya umma aeleze sababu.

Muda wa majibu nao, katika ofisi ya serikali, ni siku ambazo barua hukaa bila kujibiwa. Kwenye kiwambo ni muda ambao pikseli huchukua kubadili rangi, na tunapendekeza muda wa kubadilika. Lakini jina peke yake halitibu ugonjwa. Wako wanaopima badiliko kutoka kijivu kimoja hadi kingine, na wako wanaopima muda ambao picha inayokwenda huonekana machoni. Wote huandika milisekunde 1, na si kitu kimoja. Kigezo kisichotaja njia ya kupima ni pambo.

LED ni mfano mwingine. Kinachoitwa kiwambo cha LED kwa kawaida ni paneli ya LCD, ambayo haiangazi yenyewe bali huchuja nuru itokayo nyuma yake. LED ni zile taa za nyuma zilizoshika nafasi ya taa za fluoresenti. OLED ni jambo tofauti kabisa, kwa kuwa hapo kila pikseli hutoa nuru yake. Herufi moja ya ziada, na bei huruka. Inafaa kuandika “kiwambo cha LCD chenye taa za nyuma za LED”, hata kama ni maneno mengi.

Afisa ugavi anaweza basi kuandika hivi: “Kiwambo cha LCD, inchi 24 kwa mshazari, uwiano wa pande 16 kwa 9, idadi ya pikseli 1920 kwa 1080, kasi ya kuchora upya isiyopungua hezi 60.” Hakuna neno humo ambalo mzabuni ataliponyokea.

Limebaki neno moja ambalo halijaturidhisha. Ule uwiano kati ya nuru ya sehemu nyeupe kabisa na ya sehemu nyeusi kabisa, ambao kwa paneli za IPS aghalabu ni 1,000 kwa 1 na kwa za VA 3,000 kwa 1, umeitwa utofautishaji. Neno hilo ni la tendo, na hapa hakuna anayetofautisha. Zaidi ya hayo, wapo wanaotangaza mamilioni kwa 1, hesabu inayopatikana kwa kufifisha taa za nyuma picha inapokuwa ya giza, si kwa kupima nyeupe na nyeusi katika picha moja. Uwiano wa weupe na weusi ni wazi lakini ni mrefu. Ukolezo una wateteaji wake, ingawa wapiga rangi wanalitumia kwa jambo jingine. Wasomaji wanaofanya kazi ya picha na uchapaji wanaombwa watuandikie walitumialo wao.