Neno na Maji: Kuisoma Kinjeketile Tukiwa Kibiti

Huku kwetu mjadala juu ya Vita vya Maji Maji haungoji kitabu wala mwalimu. Huanza kwenye kijiwe cha kahawa Kibiti mjini, au Nyamisati watu wanapongoja boti ya kwenda Mafia, na mara nyingi huanzia kwenye jambo jingine kabisa: bei ya korosho, mafuriko ya mto, tangazo la mkutano wa uponyaji. Mtu mmoja anatupa neno: "Si ninyi mlioambiwa risasi zitageuka maji?" Hapo ndipo panapochangamka. Wa kwanza anasema Kinjikitile alikuwa mganga tapeli aliyewapeleka wenzake machinjoni. Wa pili anasema alikuwa shujaa, na mtu asiguse jina lake. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye kijana aliyesoma zaidi, anawacheka wote wawili na kusema dini zote ndivyo zilivyo: maji ya Ngarambe na maji ya ubatizo ni mamoja, tofauti ni kwamba haya ya pili yaliletwa na hao hao Wajerumani. Mkristo aliyeketi pale hunyamaza au hukasirika.

Wapendwa washarika, kunyamaza si jibu, na hasira si jibu. Maswali ya kijiweni ni maswali ya kweli hata yanapoulizwa kwa mzaha. Nami naona kipo kitabu kinachoweza kutusaidia kuyajibu, kwa jinsi kilivyofanikiwa na hata kwa pale kilipopungukiwa. Ni tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Wengi wetu tuliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Inafaa kusomwa tena kwa ajili ya imani.

Kwanza tutenganishe historia na mchezo. Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, katika wilaya ya Rufiji ya leo. Wazee waliosimulia habari zake walisema kwamba mwaka 1904 alipagawa na pepo Hongo, akazama katika dimbwi la maji, na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Watu walimiminika Ngarambe kuchukua dawa, yaani maji yaliyoaminiwa kuwakinga na risasi. Hawakuwa watu wasio na sababu. Walikuwa wametozwa kodi, wamepigwa viboko na maakida, na kulazimishwa kulima pamba ya serikali huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita viliendelea bila yeye hadi mwaka 1907, vikienea mpaka kwa Wangoni. Wajerumani walichoma vijiji na maghala ya chakula. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa njaa.

Hussein hakuandika historia hiyo. Katika utangulizi wake anaeleza wazi kwamba mhusika wake ni wa kubuni, ingawa jina ni la mtu aliyeishi. Hili ni la kwanza la kuwaambia wanaobishana kijiweni, kwa sababu wengi wanadhani wanamjadili Kinjikitile kumbe wanamjadili Kinjeketile wa jukwaani.

Katika mchezo tunaanza na njaa na kazi ya kulazimishwa katika shamba la Mzungu. Watu wamegawanyika kikabila na hawana silaha. Kinjeketile anachukuliwa na Hongo mtoni, anatoka, anatoa unabii na maji, na makabila yaliyokuwa yakidharauliana yanaungana. Kitunda anabeba kazi ya kuwaandaa wapiganaji. Lakini ndani ya unabii ule lilikuwamo neno moja lililopita bila kuangaliwa: kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Kinjeketile anapolitafakari anashtuka. Je, tunamng'oa bwana mmoja ili tuwe chini ya mwingine? Neno hili lilitoka kwa nani? Hapo nabii mwenyewe anaanza kutilia shaka unabii wake. Anataka watu wasubiri, lakini wamekwisha kuamini, na hawasubiri. Mwishoni, akiwa kifungoni, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Kwake neno limekwisha kuzaliwa na kumzidi aliyelizaa. Akilikana, watoto watafundishwa kwamba waliopigania uhuru walikuwa wapumbavu.

Nguvu ya mchezo huu ni kwamba haumpi ushindi yeyote kati ya wale watatu wa kijiweni. Anayesema Kinjeketile ni tapeli anakosa jibu, kwa kuwa tapeli hateswi na shaka juu ya bidhaa yake. Anayesema ni shujaa tu anakutana na maiti za watu walioamini. Na yule anayesema dini zote ni mamoja anakutana na mtu wa dini anayeuliza swali ambalo msomi wetu hakuliuliza: neno hili limetoka wapi, nami nina haki gani ya kulitamka juu ya maisha ya wengine? Kila mhubiri anapaswa kulisoma tukio lile la shaka kabla ya kupanda mimbarini. Sijui mahali pengi katika maandishi ya Kiswahili ambapo uzito wa kusema kwa jina la aliye juu umeonyeshwa vizuri zaidi.

Hata hivyo nina neno dhidi ya mchezo huu. Hussein ameweka kilele chake kifungoni, na wasomaji wengi hubaki na picha ya mtu aliyefungwa anayekataa kusema alichoamriwa na adui. Ni picha nzuri, na kukataa huko nakuheshimu. Lakini swali zito la imani haliko kifungoni. Liko nyuma, siku ile shaka ilipoingia. Ahadi ya maji ilifika kila nyumba. Shaka haikufika kwa nguvu ileile. Neno la "subirini" halikuwa na uzito kama neno la "hamtakufa".

Tumlinganishe na Yeremia. Katika sura ya 28 Hanania anawatabiria watu kwamba nira ya Babeli itavunjika katika muda wa miaka miwili. Yeremia anatamani iwe hivyo, hata anaitikia amina. Kisha anarudi na kusema wazi kwamba Hanania amewatumainisha watu uongo. Katika sura ya 38 anatupwa ndani ya shimo lenye matope kwa kosa la kulegeza mikono ya askari. Alikuwa mzalendo kama Hanania, na nira ile ilimuuma vilevile. Tofauti ni kwamba alikubali kuchukiwa na watu wake mapema, ili waishi. Kinjeketile anakubali kufa kwa ajili ya neno. Yeremia anakubali kuaibishwa kwa ajili ya watu. Vyote viwili vinahitaji ujasiri, ila cha pili ndicho alichoitiwa mchungaji. Mchezo unatuachia hisia kwamba neno likikua kumzidi mtu hakuna la kufanya. Maandiko hayasemi hivyo. Kumbukumbu la Torati 18 inataka neno la nabii lipimwe, na 1 Yohana 4 inataka roho zijaribiwe. Neno lisiloruhusiwa kupimwa, hata likiwa limeunganisha watu, limekwisha kuwa bwana mwingine, kama yule Seyyid Said aliyemshtua Kinjeketile mwenyewe.

Tusije tukadhani haya ni ya watu wa 1905 peke yao. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya Watanzania, pamoja na wageni kutoka nchi jirani, walipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Aliyekitoa, Ambilikile Mwasapile, alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu la Kilutheri, na alisema ameonyeshwa na Mungu. Sina sababu ya kusema alikuwa mwongo. Kwa bei ile hakutafuta utajiri. Lakini wapo wagonjwa waliotoka vitandani hospitalini kwenda kule, na wapo walioacha dawa zao. Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana katika ibada, wakiyakimbilia mafuta ya upako. Walikuwa na shida zao, kama Wamatumbi walivyokuwa na zao. Basi anayewacheka babu zetu wa Ngarambe kijiweni, na Jumapili anabeba chupa ya maji ya upako mfukoni, ajicheke mwenyewe kwanza. Na asiyebeba chupa asijione bora, maana penye uchungu mkubwa kila mmoja wetu hutafuta ahadi iliyo kubwa kuliko ukweli.

Hapa ndipo tunapoweza kumjibu yule kijana. Anauliza kama maji ya ubatizo na maji ya Ngarambe ni mamoja. Kwa upande mmoja tumkubalie: maji ni maji. Katekisimu Ndogo ya Luther, mliyoisoma mkijiandaa kwa kipaimara, inafundisha jambo hilohilo, kwamba pasipo Neno la Mungu maji ya ubatizo ni maji ya kawaida. Tofauti haiko kwenye maji. Iko kwenye kilichoahidiwa. Maji ya Ngarambe yaliahidi kwamba mwili hautachomwa na risasi. Ubatizo hauahidi hivyo hata kidogo. Warumi 6 inasema tumebatizwa katika mauti ya Kristo. Aliyebatizwa anaugua, anazama baharini, anakufa kwa malaria kama jirani yake, na ahadi haijavunjika, kwa kuwa aliahidiwa kutoachwa na kufufuliwa. Ndiyo maana hatuuzi maji haya, wala hatumwambii mgonjwa aache dawa. Mhubiri anayeahidi kwamba maji au mafuta yake yatamkinga mtu na ajali, umaskini na wachawi ameuacha ubatizo na kurudi kwenye ahadi ya Ngarambe, bila kuwa na lile shitaka la pamba na viboko lililoipa Ngarambe haki ya kulia.

Na kuhusu kwamba ubatizo uliletwa na Wajerumani, tusikimbie. Wamisionari wa Berlin, ambao sisi wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani ni matunda ya kazi yao, walifika Dar es Salaam mwaka 1887, wakati ukoloni ukiingia. Vita vilipofika kusini, watu wengi hawakuona tofauti kati ya boma na misheni. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss wa Wabenedikti na wenzake wanne waliuawa njiani kwenda Liwale. Mwaka huohuo kituo cha Yakobi huko Ubena, cha hao wa Berlin, kilishambuliwa, na misionari akakilinda kwa silaha. Haya ni yetu na tuyaseme. Injili haihitaji tuwafiche walioileta. Ikiwa ni kweli, ni kweli hata ilipobebwa na mikono iliyoshika bunduki, na yenyewe ndiyo inayoihukumu mikono hiyo.

Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na maelezo ya Luther yanatutaka tumsemee vema na kuyapa mambo yake tafsiri iliyo bora. Wafu nao ni jirani. Waliokufa Matumbi, na waliosombwa na njaa baada yao, hawawezi kuja kijiweni kujitetea. Kwa hiyo siku neno lile likitupwa tena, "Si ninyi mlioambiwa risasi zitageuka maji?", Mkristo aliyeketi pale anaweza kuweka kikombe chake chini na kuanza na pamba: nani aliilima, kwa amri ya nani, na watoto walikula nini mwaka ule. Akimaliza hilo, aulize ni ahadi zipi tunazoziamini sisi leo bila kuzipima. Mjadala huo utachukua muda mrefu kuliko kikombe cha kahawa, lakini hakuna atakayeondoka amedharauliwa, awe hai au amekufa.