Kinyozi Aliyejinyoa

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Marcus Aurelius, aliyetawala Roma tangu mwaka 161 hadi 180, alishika wembe akajaribu. Akiwa vitani kandokando ya Danube, tauni ikiwa imepukutisha raia wake na watoto wake wengi akiwa ameshawazika, aliandika kwa Kigiriki mawaidha ya kujionya nafsi yake. Humo anajisuta kwa madogo ya kila siku: uzito wa kutoka kitandani alfajiri, hasira juu ya watu wasumbufu. Na joho lake la kifalme analifumua uzi kwa uzi: manyoya ya kondoo yaliyochovywa katika damu ya konokono wa baharini, basi. Mvinyo wa fahari nao ni maji ya zabibu. Ndivyo wasiwasi unavyofumuliwa. Neno la kebehi ni sauti iliyokwisha kupita. Kukesha kwa ajili yake ni pindo tulilolishona wenyewe.

Kufumua huku ni ufundi, na ufundi hauji kwa kusikia msemo mzuri. Seneca, mwanafalsafa wa karne iliyotangulia aliyekuwa Mstoa, yaani mfuasi wa elimu ileile ya Marcus ya kuitawala nafsi, aliufanya kila usiku. Taa ikishaondolewa, na mkewe aliyeijua desturi hiyo akishanyamaza, aliipitia siku yake nzima kama mtu aliye mbele ya hakimu, asijifiche lolote. Wapo wanaomlaumu Marcus kwa kurudiarudia mambo yaleyale. Lakini nani amlaumu seremala kwa kupitisha randa mara ya kumi? Ubao ulikuwa bado haujanyooka.

Atasema mtu: ni rahisi mfalme kudharau shida, shibe ikiwa tumboni. Jibu ni Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, akawa kilema, kisha akafundisha Nicopolis kwamba mali na cheo havimo mikononi mwetu, ila uamuzi wetu juu yavyo umo. Marcus alikuwa mwanafunzi wa maneno hayo; mfalme alijifunza kwa mtumwa. Atasema mwingine kwamba elimu hii ya Wastoa huwafanya watu wavumilie dhuluma. Hapo pana ukweli: utumwa uliendelea chini ya Marcus kama kawaida. Hata hivyo yeye mwenyewe aliandika kwamba watu wameumbwa kusaidiana kama mikono miwili, na anayekesha juu ya kebehi aliyotupiwa hana nguvu iliyobaki ya kupigania haki ya jirani.

Siku hizi maneno ya Wastoa yamechapwa kwenye vikombe na kuzungushwa kwenye simu, asubuhi moja msemo huu, jioni mwingine. Randa yenyewe imeachwa ishike kutu. Taa ya Seneca iliondolewa chumbani ili hesabu ianze. Yetu tunalala nayo mkononi, ikiwaka, ikituletea wasiwasi wa watu ambao hatujawahi hata kuwaona. Na hesabu ya siku hulala haijafanywa.