Ngoma Yenye Hatia: Anwani, Umbo na Usemi katika Rekodi za Afro Latin Jazz Orchestra

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi anapoichukua albamu ya muziki usio na maneno, au wenye maneno machache mno, na kudai kuwa ataihakiki, wenzake wana haki ya kumuuliza atashika wapi. Shairi lina mishororo, riwaya ina msuko na wahusika, tamthilia ina mazungumzo na matendo. Je, okestra ya watu 18 wanaopiga saksafoni, tarumbeta, tromboni, piano, besi na ngoma ina nini ambacho sisi tunaweza kukisoma?

Swali hili linatuhusu kuliko linavyoonekana. Katika madarasa yetu ya fasihi simulizi tunafundisha kwamba wimbo si maneno peke yake. Kwamba ngoma, mwendo, kiitikio na hadhira ni sehemu ya kazi yenyewe. Hata hivyo, aghalabu tunapochapisha nyimbo tulizozikusanya, tunachapisha maneno tu, na ngoma tunaiacha kijijini. Makala haya yanakusudia kulipima fundisho letu kwa kuligeuza: kuchukua kundi ambalo kwalo ngoma ndiyo kauli na maneno ni mgeni, na kuchunguza namna linavyojenga hoja. Kundi lenyewe ni Afro Latin Jazz Orchestra la New York, linaloongozwa na mpiga piano Arturo O'Farrill. Hoja yetu ni kwamba uhuru wa kundi hili husikika vizuri zaidi pale ambapo umbo la muziki limebeba dhamira, na kwamba pale ambapo dhamira imekabidhiwa msemaji, kazi hupata uwazi lakini hulipa gharama.

Usuli: Urithi wa Baba

Okestra hii haiwezi kueleweka bila ya Chico O'Farrill, baba yake Arturo. Chico alizaliwa Havana mwaka 1921, akahamia New York, na mwezi wa Desemba mwaka 1950 utungo wake mrefu, The Afro-Cuban Jazz Suite, ulirekodiwa na okestra ya Machito, Charlie Parker akiwa mmojawapo wa wapigaji wageni. Okestra ya Machito, iliyoanzishwa mwaka 1940 na kuongozwa kimuziki na Mario Bauzá, ilikuwa tayari imeonyesha kwamba ngoma za Kuba na jazi ya Wamarekani weusi zingeweza kukaa chini ya paa moja, hakuna aliye mwenyeji wala mgeni.

Kwa msomaji wa Kiswahili, usuli huu si wa mbali. Miongoni mwa Waafrika waliopelekwa Kuba utumwani walikuwamo wengi kutoka nchi za Kongo, nao walikwenda na lugha zao za Kibantu. Katika ibada zenye asili ya Kikongo kisiwani humo, ngoma bado huitwa kwa jina lililo ndugu wa neno letu "ngoma". Neno "mambo", linalojulikana duniani kote kama jina la dansi, wataalamu wengi hulihusisha na asili hiyohiyo, na sisi hatuhitaji kamusi kulitambua. Aidha, muziki huo ulirudi: kuanzia mwaka 1933 santuri za Kikuba za mfululizo wa GV, zilizotolewa na kampuni ya His Master's Voice, ziliuzwa barani Afrika, na rumba iliyochezwa baadaye Kinshasa na Nairobi inadaiwa na santuri hizo. Kwa hiyo tunapoisikiliza okestra ya O'Farrill tunasikiliza mazungumzo ambayo sisi pia tumeyashiriki.

Uhuru na Bei Yake

Chico alifariki mwaka 2001. Mwaka uliofuata, okestra ya mwanawe ilianza kazi chini ya Jazz at Lincoln Center, taasisi kubwa ya jazi mjini New York. Ndoa hiyo ilidumu hadi mwaka 2007. Tangu walipoachana, okestra imetegemea Afro Latin Jazz Alliance, shirika lisilo la kibiashara alilolianzisha O'Farrill, na imerekodi zaidi kwa lebo ndogo kama vile ZOHO na Motéma.

Ni rahisi kulisifu neno "huru" bila kuuliza lina maana gani kwa kundi kubwa hivi. Mpiga gitaa mmoja anaweza kuwa huru na gitaa lake. Watu 18 wanahitaji ukumbi wa mazoezi, nauli, ala na malipo. Uhuru wao ni kama wa mwandishi anayejichapishia kitabu: hakuna mhariri wa kumkata kalamu, lakini hakuna pia wa kumlipia karatasi. Yaliyotokea mwaka 2011 yanathibitisha jambo hili. Waandaaji wa tuzo za Grammy walipunguza vitengo kutoka 109 hadi 78, na kitengo cha jazi ya Kilatini kikafutwa. Wanamuziki walilalamika na baadhi yao wakaenda mahakamani. Kitengo kikarudishwa mwaka 2012. Katika kipindi hicho, albamu ya okestra hii iitwayo 40 Acres and a Burro (2011) ilibidi ishindane na okestra zote kubwa za jazi, na haikushinda. Kufutwa huko kulikuwa tendo la uainishaji, na sisi tuliowahi kubishana kama utenzi ni tanzu au bahari tunajua kwamba uainishaji hauwi mchezo wa majina matupu. Anayeamua kwamba kitu fulani si tanzu huamua pia nani atasikika.

Anwani kama Matini

Muziki usio na maneno una maneno mawili matatu ambayo hauwezi kuyaepuka: anwani. O'Farrill huitumia nafasi hii finyu kwa ufundi wa mshairi. Anwani 40 Acres and a Burro ni kejeli iliyosimama juu ya historia. Mwezi wa Januari 1865, Jenerali Sherman alitoa amri ya kuwagawia watu waliotoka utumwani mashamba ya hadi ekari 40. Simulizi za watu zikaongeza nyumbu. Ahadi hiyo ilitanguliwa mwaka huohuo. O'Farrill anamtoa nyumbu na kumweka punda kwa jina lake la Kihispania. Kwa neno moja tu analiunganisha deni la Wamarekani weusi na deni la Walatino, kisha anaongeza dhihaka: hata mnyama wa ahadi amepungua hadhi.

Ndani ya albamu hiyo mna kipande kiitwacho A Wise Latina, kinachorejelea usemi wa hakimu Sonia Sotomayor, uliozua mjadala mkali alipokuwa akiteuliwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2009. Mna pia wimbo wa jadi wa Ireland, kwani jina O'Farrill lenyewe ni la Kiairishi. Mpangilio huu ni hoja. Anayedhani kwamba "Ulatini" ni damu moja au rangi moja anakuta Ireland, Kuba na Brazili zimekaa jamvi moja.

Mwenye shaka atasema kwamba bado tunasoma jalada tu, hatusikilizi muziki. Pingamizi hili ni la haki. Anwani inaweza kudai lolote. Ni umbo linalopaswa kulithibitisha.

Ngoma Mahakamani

Albamu ya The Offense of the Drum (2014) inatupa nafasi ya kulijibu. Anwani yake ina maana mbili: kosa ambalo ngoma inashtakiwa kwalo, na shambulio ambalo ngoma yenyewe hulifanya. Historia imezitia nguvu zote mbili. Baada ya uasi wa watumwa wa Stono mwaka 1739, sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 iliwakataza watumwa kutumia ngoma. Hapa kwetu, serikali ya kikoloni iliupiga marufuku Muthirigu mwaka 1930, wakati wa mgogoro wa Wagikuyu na wamishenari. Mtawala aliyepiga marufuku ngoma alikuwa mhakiki mzuri kuliko wengi wetu: alijua kwamba ngoma inasema.

Okestra inajibu shtaka kwa namna inavyowapanga wapigaji. Katika okestra kubwa ya kawaida, ngoma huweka msingi na tarumbeta hutoa kauli. Katika mapokeo ya Kikuba, kila ala, hata tarumbeta, hutii klave, yaani mapigo matano yanayogawanywa matatu kwa mawili, ambayo huenda yasipigwe na mtu yeyote lakini kila mtu huyasikia moyoni. Hapa mlinganisho na ushairi wetu unafaa. Klave ni mizani na vina kwa pamoja. Ubishi uliozuka baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, kama shairi lisilo na arudhi ni shairi, una ndugu yake huko New York: je, mtunzi anaweza kuchukua Satie wa Ufaransa, kinubi cha Kolombia na mtambo wa santuri wa vijana wa mjini, na bado akawa ndani ya klave? Albamu hii inavikaribisha vyote vitatu. Jibu lake si la mwanajadi wala la mwanamapinduzi. Sheria inabaki, kinachopanuka ni idadi ya wanaoweza kuitii kwa hiari yao.

Kipande kimoja, On the Corner of Malecón and Bourbon, ni mfano bora zaidi. Malecón ni barabara ya ufuoni Havana. Bourbon ni mtaa wa New Orleans. Hazikutani popote ila katika muziki huu. Mtunzi amebuni mahali, kama afanyavyo mwandishi wa riwaya, kisha akapafanya pakalike. Hakuna msemaji anayetueleza kwamba miji hiyo miwili ni ndugu. Tunaliona hilo kwa kupita njia hiyo wenyewe.

Baba na Mwana: Tenzi Mbili

Ulinganisho ulio wazi zaidi ni kati ya utungo wa baba wa mwaka 1950 na The Afro Latin Jazz Suite wa mwana, uliomo katika Cuba: The Conversation Continues (2015). Albamu hii ilirekodiwa Havana mwezi wa Desemba 2014, siku chache tu baada ya Marekani na Kuba kutangaza, tarehe 17, kwamba zingerudisha uhusiano wao. Mwana amelichukua jina la baba na kubadilisha neno moja: "Cuban" limekuwa "Latin".

Tazama pia majina ya sehemu. Baba alizita sehemu zake kwa majina ya ufundi: Canción, Mambo, 6/8, Rhumba Abierta. Mwana anaanza na Mother Africa, anafuata na All of the Americas, na baada ya Adagio anamalizia kwa What Now?, yaani "na sasa je?" Baba alitaja fani, mwana anataja maudhui. Tofauti hii haina maana kwamba mmoja alikuwa msanii na mwingine mwanasiasa. Mwaka 1950, kuiweka rumba ndani ya utungo mrefu wa okestra kulikuwa kauli tosha. Fani ndiyo iliyokuwa ikidai haki yake. Mwaka 2014 haki hiyo ilikuwa imekwisha kupatikana, na mtunzi alilazimika kuuliza itumike kwa nini. Kumalizia kwa swali ni uaminifu. Mlango uliofunguliwa mwezi ule ulianza kusukumwa kufungwa tena miaka michache tu baadaye, na utungo uliomalizia kwa shangwe ungeonekana leo kuwa wa kusikitisha.

Msemaji Anapoingia

Katika kipande cha They Came cha mwaka 2014 mshairi anaughani utungo wake juu ya okestra. Katika Four Questions (2020) mwanafalsafa Cornel West anahutubia, akiyajenga mawazo yake juu ya maswali manne ya W. E. B. Du Bois kuhusu maadili yanapokabiliwa na dhuluma, udanganyifu, matusi na nguvu za kikatili. Albamu hii ya pili ilipata Grammy mwaka 2021, na yamkini ndiyo iliyowafikia wengi wasiojua klave ni nini.

Ni kazi yenye uzito. West ana sauti ya mhubiri, anapanda na kushuka, naye anaiacha okestra imwitikie kama waumini wanavyomwitikia kasisi. Muundo wa mwimbishaji na waitikiaji ni wa kweli, haukubandikwa. Hata hivyo, tunaposikiliza tunahisi kwamba mizani imeinama. Maneno yakishasema dhuluma ni nini, tarumbeta hubaki na kazi ya kukubali. Katika On the Corner of Malecón and Bourbon msikilizaji alikuwa shahidi; hapa amekuwa mhutubiwa. Wala kosa si la maneno kwa jumla. Katika Fandango at the Wall (2018), iliyorekodiwa kwenye mpaka wa Tijuana na San Diego pamoja na wanamuziki wa son jarocho kutoka Mexico, maneno yapo tele, lakini ni ya nyimbo za watu wanaopokezana, na ukuta wenyewe umefanywa sehemu ya jukwaa. Huko neno ni mpigaji mmojawapo. Katika Four Questions neno ni mwenyekiti.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba rekodi hizi zinajenga hoja kwa anwani, kwa mpangilio na kwa umbo, na kwamba hoja hizo huwa na nguvu zaidi pale ambapo msikilizaji ameachiwa kazi ya kufanya. Funzo kwetu ni la moja kwa moja. Ikiwa katika okestra hii neno linaweza kuinyima ngoma nafasi yake hata pale zinaposikika pamoja, basi sisi tunaochapisha wimbo bila ngoma tumekwenda mbali zaidi: tumetekeleza, kwa nia njema, hukumu ileile ya mwaka 1740 na ya mwaka 1930. Mwanafunzi atakayekwenda nyanjani kukusanya nyimbo hana budi kurudi na maelezo ya nani alipiga nini, wakati gani, na nani aliitikia, na kuyaweka katika uhakiki wake mahali pale anapoweka vina na jazanda. Ngoma ilishtakiwa kwa sababu ilisema. Haitakuwa haki tuitetee kwa kuinyamazisha.