Kerneli Inayojua Kufa

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi aliniletea faili ya usanidi wa kerneli ya Linux kwa furaha ya mvuvi aliyerudi na nguru. "Kaka, nimewasha zote," akasema. Kila chombo cha utatuzi alichowahi kukisikia alikuwa amekiandikia mstari wake kwa mkono, kisha akaendesha amri ya make olddefconfig ili faili ijipange. Nikaifungua, nikatafuta KCSAN, chombo kinachonasa nyuzi mbili zinazogombania data moja. Haikuwemo. KCSAN haikai nyumba moja na KASAN, chombo kinachonasa miguso haramu ya memori. Ukiziandika zote mbili, moja inaondolewa kimya kimya na hakuna anayekuambia. Kijana alikuwa na kerneli nzito kama lori la mchanga, na hakujua imebeba nini.

Kwa asiyeifahamu kazi hii, kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Inagawa memori, inapanga foleni ya prosesa, inazungumza na vifaa. Programu ya kawaida ikikosea, kerneli inaiua na kazi nyingine zinaendelea. Kerneli yenyewe ikikosea, juu yake hakuna mtu wa kuandika ripoti. Kwa hiyo mengi ya macho na masikio yake huamuliwa mapema, katika faili iitwayo .config, kabla haijakompailiwa. Faili hiyo ina mistari maelfu, na mimi naamini tabia ya fundi inasomeka humo kama inavyosomeka kwenye mshono wa ndani wa kanzu. Anayejua kanzu haridhiki na nakshi ya kifuani, huigeuza.

Ukiigeuza .config, usihesabu vilivyowashwa. Chukua chaguo moja moja, umuulize mwenyewe: hili linajibu swali gani? Na mashine ikifa, jibu lake litamfikia nani, kwa njia ipi? Mwenye kujibu maswali hayo mawili bila kubabaika ana usanidi mzuri, hata kama amewasha vitu sita tu.

Anza na mistari iliyozimwa. Katika .config, mstari kama "# CONFIG_KASAN is not set" una alama ya reli mwanzoni, na mgeni hudhani ni maelezo ya pembeni. Ni uamuzi kamili: chombo hiki kimekataliwa. Ukiufuta mstari huo, hujakubali wala kukataa, umemwachia Kconfig, mfumo unaosimamia chaguo hizi, aamue kwa chaguo-msingi lake. Fundi mwangalifu hagusi mistari hiyo ovyo. Mwangalifu zaidi haiandiki .config nzima kwa mkono. Anaweka vipande vidogo pembeni, kimoja cha kufuli, kimoja cha memori, kimoja cha njia ya ujumbe, kisha anaviunganisha kwa skripti ya merge_config.sh iliyomo ndani ya msimbo wa kerneli wenyewe. Skripti hiyo ina fadhila kubwa: ukiomba chaguo likakataliwa, inakuambia kwamba ulichoomba hakimo kwenye faili ya mwisho. Kijana wangu angeitumia, angeambiwa na mashine kabla ya kuambiwa na mimi.

Kukataliwa huko kuna sababu za kawaida. Andika CONFIG_PROVE_LOCKING bila kuandika CONFIG_DEBUG_KERNEL, mstari wako utapotea, kwa sababu la pili ndilo mlango wa la kwanza. Mfano mchungu zaidi ulikuja na toleo la 5.18 mwaka 2022. Kabla ya hapo, CONFIG_DEBUG_INFO=y ilitosha kuihifadhi ramani inayogeuza anwani za memori kuwa majina ya faili na namba za mistari. Tangu toleo hilo, lazima uchague aina ya ramani, kwa mfano CONFIG_DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT. Usipochagua, hupewi yoyote. Faili za zamani zilizokuwa zikirithishwa kutoka mradi hadi mradi ziliendelea kuwa na ule mstari wa kale, zikazaa kerneli zisizo na ramani. Ukitaka kujua kama mtu anaijua faili yake au ameirithi tu, mwonyeshe mstari huo.

Ramani yenyewe haipunguzi kasi ya mashine hata kidogo. Inanenepesha faili ya vmlinux kwenye kompyuta ya kukompailia, basi. Moduli tu ndizo hujaza diski ya kifaa, na hizo hupunguzwa kwa INSTALL_MOD_STRIP=1 wakati wa kuzisakinisha. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kwamba ramani ilitengenezwa vizuri, halafu vmlinux ikafutwa kupisha nafasi. Miezi mitatu baadaye mashine inatema orodha ya anwani, na hakuna wa kuzisoma, kwa sababu kerneli iliyokompailiwa upya kwa mpangilio tofauti kidogo ina anwani tofauti. Muulize mwenye usanidi: vmlinux ya kerneli inayoendesha mashine hii iko wapi? Akianza kukuna kichwa, umeshajua.

Kuna vitu ambavyo gharama yake ni ndogo kiasi kwamba kuvizima ni ubahili. KALLSYMS, inayoweka majina ya vitendakazi badala ya namba tupu. Ftrace, iliyoingia mwaka 2008, ambayo ikiwa haitumiki sehemu zake hugeuzwa kuwa maagizo yasiyofanya kitu. DYNAMIC_DEBUG, inayokuwezesha kuwasha maelezo ya draiva moja tu mashine ikiwa inaendelea na kazi. MAGIC_SYSRQ pia, inayoipa kerneli amri za dharura moja kwa moja, ingawa kwenye mashine inayoguswa na umma ipimwe kwanza.

SLUB_DEBUG naiweka peke yake kwa sababu ninaipenda. Ikikompailiwa ndani hulala tu, hadi uiamshe wakati wa kuwasha mashine kwa kuandika slub_debug=FZPU. Hapo kila kipande cha memori kinachoachwa hujazwa tarakimu 6b tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa baiti ya mwisho inayowekwa a5. Faida yake unaiona siku ya msiba: ukikuta 6b6b6b6b6b6b6b6b kwenye rejista, huna haja ya mpiga ramli. Kuna msimbo uliogusa memori ambayo ilikwisha kurudishwa. Aliyezoea huiona kwa mbali, kama anavyomtambua jirani kwa mwendo wake.

Vyombo vizito ndivyo vinavyomtenganisha fundi na mkusanyaji. KASAN, iliyoingia katika toleo la 4.0 mwaka 2015, inanasa karibu kila mguso haramu wa memori, lakini inachukua sehemu moja ya nane ya memori yote kwa ajili ya kivuli chake, na maelezo yake yenyewe yanakiri kwamba kasi inashuka kiasi cha mara tatu. Kwenye seva ya majaribio, sawa. Kwenye kifaa cha megabaiti 512 umeshapoteza 64 kabla kazi haijaanza. Kwa mashine zilizo kazini kuna KFENCE, ya mwaka 2021, ambayo haichunguzi kila kitu. Inachota sampuli, kwa kawaida moja kila milisekunde 100, na inatumia megabaiti 2 tu. KASAN mezani, KFENCE uwanjani. Ukiona KASAN ya kawaida kwenye mashine inayohudumia wateja, au KFENCE ikitegemewa peke yake kwenye meza ya mtu anayeandika draiva mpya, vyombo vimewekwa mahali pasipo pake.

Lockdep, anayewashwa kwa PROVE_LOCKING, ni wa mwaka 2006, na kwangu ni chombo bora kuliko vyote katika usanidi wa kerneli. Hangoji mkwamo utokee. Anakumbuka mpangilio: hapa umefunga kufuli A kisha B, pale, siku nyingine, umefunga B kisha A. Anapiga kelele hapo hapo, hata kama njia hizo mbili hazijawahi kukutana. Ila ana tabia moja ambayo wengi hawaijui. Akishapiga kelele mara moja, anajizima hadi mashine iwashwe upya. Nimeona timu ikisherehekea wiki nzima ya ukimya wakati lockdep alinyamaza dakika ya pili baada ya kuwaka, kwa sababu ya kosa dogo la draiva ya sauti ambalo kila mtu alilizoea. Soma /proc/lockdep_stats, tafuta debug_locks. Ikiwa 0, ukimya huo hauna thamani. Na lile kosa dogo la sauti lirekebishwe kwanza, maana ndilo lililomziba mdomo shahidi.

Jambo moja zaidi kuhusu uzito. Kuna hitilafu zinazotegemea nyuzi mbili kufika mahali pamoja kwa wakati uleule. Ukizipakia kerneli vyombo vingi, mwendo unabadilika na hitilafu hizo zinaona haya mbele ya wageni. Kwa hiyo fundi mzuri ana kerneli zaidi ya moja, kila moja na jina lake katika CONFIG_LOCALVERSION, ili amri ya uname -r iseme wazi ni ipi inayoendesha. Kerneli mbili zenye jina moja kwenye diski moja ni uchafu wa karakana.

Hadi hapa tumezungumzia macho. Mdomo ndio unaosahauliwa.

Niliwahi kuwa na kisanduku cha kusomea vipimo vya maji, mbali na mji, kilichokuwa kikiganda kila baada ya siku kadhaa. Nilikuwa nimejipanga, au nilidhani hivyo. Niliwasha ramoops, inayotenga kipande cha memori na kuandika humo maneno ya mwisho ya kerneli, ili baada ya kuwaka upya uyakute kwenye /sys/fs/pstore. Kisanduku kikaganda. Nikampigia mlinzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mashine yako ililala tena, lakini usiwe na wasiwasi. Nimeichomoa, nikahesabu hadi kumi, nikaichomeka. Inafanya kazi vizuri."

Alifanya kama mtu yeyote mwenye akili angefanya, na ushahidi wote ukafutika. Ramoops hudumu pale mashine inapojiwasha upya huku umeme ukiendelea kuingia. Umeme ukikatika, memori inasahau. Kosa lilikuwa langu mara mbili. Sikuuliza kisanduku huwashwa upya na nani na kwa njia gani, na sikukumbuka kwamba kuganda siyo kufa. Kerneli iliyoganda haiandiki maneno ya mwisho kwa sababu haijui kwamba imefika mwisho. Lazima uiamuru: ukikaa sekunde kadhaa prosesa haijaachiwa, ingia kwenye paniki (BOOTPARAM_SOFTLOCKUP_PANIC), na baada ya paniki jiwashe wewe mwenyewe (panic=10). Nilipoyaweka hayo, kisanduku kiliganda na kuamka peke yake usiku, mzee hajui lolote, na asubuhi nikayakuta maneno: draiva ilikuwa inalala usingizi huku imeshika kufuli la kuzunguka (spinlock). DEBUG_ATOMIC_SLEEP ingelinionyesha hilo mezani kabla kisanduku hakijapakiwa garini. Sikuiwasha kwa sababu nilikuwa na haraka.

Tangu siku hiyo, ninapopima usanidi wa mtu ninaanzia kwenye njia ya ujumbe. Waya wa siriali ni mwaminifu kuliko njia zote, lakini ni wa polepole: kwa kasi ya 115200 unapitisha takriban baiti 11,520 kwa sekunde, kwa hiyo bafa ya kawaida ya ujumbe, kilobaiti 128, inahitaji zaidi ya sekunde 11 kumwagika yote. Wakati huo mashine inaweza kuonekana imekwama kwa sababu ya kusema tu. Mwenye kujua hupunguza kiwango cha maneno yanayokwenda kwenye siriali, mengine yakabaki kwenye bafa. Netconsole hupeleka ujumbe kwa mtandao, ni nyepesi na nzuri, mradi mgonjwa asiwe draiva ya mtandao. Kdump ni ya wenye nafasi: unatenga memori tangu kuwaka, na kerneli ya kwanza ikifa, ya pili inaamka humo na kuihifadhi maiti nzima kwa uchunguzi. Kwenye seva kubwa, sioni sababu ya kuikosa. Kwenye kisanduku changu cha maji isingetosha.

KGDB, chombo cha kuisimamisha kerneli na kuichunguza ikiwa hai, nitaigusa kwa ufupi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliikataa kwa miaka mingi aina hiyo ya chombo ndani ya kerneli yake, hadi ikaingia mwaka 2008. Inasaidia sana ukiwa na mashine mbili na waya katikati. Lakini nikiiona imewashwa kwenye mashine isiyo na mtu wala waya, naona mtu aliyenakili usanidi wa mwingine.

Ukimaliza kusoma faili, iache. Mwambie mwenye usanidi akae kwenye mashine ya majaribio, ahifadhi kazi zake, kisha aandike echo c > /proc/sysrq-trigger. Herufi hiyo moja inaiua kerneli papo hapo. Kwa anayetaka vifo vya aina mbalimbali kuna moduli ya LKDTM, inayoua kwa kuchagua: kufurika kwa memori, kukwama kwa kufuli, na kadhalika. Kaa naye mpaka mashine iwake tena, umwombe akuonyeshe maneno ya mwisho, jina la kitendakazi, faili na namba ya mstari. Usikubali kuahidiwa majibu ya kesho. Yule kijana wangu alifanya hivyo mbele yangu siku ileile. Mashine ilikufa, skrini ikawa nyeusi, na ilipoamka hapakuwa na neno hata moja.